I-375 ya Detroit: Nani Atamiliki Ardhi Mtaro Ukishafukiwa?

Katika ramani ya barabara kuu za Marekani, I-375 ni kipande kinachohitaji kutafutwa. Urefu wake ni maili moja na kidogo, kama kilomita 1.7. Inaanzia kwenye makutano ya I-75 na barabara ya Gratiot, pembeni mwa katikati ya jiji la Detroit, inateremka kusini ndani ya mtaro wa zege, kisha inapinda kulia kwa ghafla na kumwaga magari Jefferson Avenue, karibu na mto na minara ya Renaissance Center. Kama hakuna foleni, dereva anaimaliza kwa dakika moja na robo. Ilifunguliwa Juni 1964.

Tangu 2013 Idara ya Uchukuzi ya Michigan imekuwa ikitafuta namna ya kuiondoa: kufukia mtaro, kujenga barabara ya kawaida ya mjini yenye taa na vivuko vya miguu, na kupata ardhi itakayobaki pembeni. Serikali ya shirikisho iliupitisha mpango huo mwaka 2022 na kutoa fedha. Mwaka 2025, kabla kazi kubwa haijaanza, idara ikatangaza kuusimamisha.

Kisa hiki huelezwa zaidi kama kisa cha barabara. Mimi nakisoma kama kisa cha ardhi, na sababu yangu ni mpangilio wa tarehe. Mara ya kwanza ardhi ya mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuwa hapo ilichukuliwa kwanza, watu wakaondolewa, na barabara ikafuata miaka kadhaa baadaye. Sasa wanaotaka kurekebisha kosa wameanza na barabara, na swali la ardhi wameliweka mwisho. Kwa mpangilio huo mtaro unaweza kufukiwa vizuri kabisa na waliopoteza wasipate chochote.

Mtaa uliokuwa hapo

Black Bottom ulikuwa mashariki mwa katikati ya jiji, kusini mwa Gratiot kuelekea mtoni. Wakulima wa Kifaransa ndio waliouita hivyo kwa sababu ya udongo wake mweusi wenye rutuba, muda mrefu kabla Wamarekani Weusi hawajafika. Mwishoni mwa karne ya 19 humo waliishi Wajerumani, Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Kaskazini mwa Gratiot palikuja kujulikana kama Paradise Valley, na Hastings Street ilipita katika maeneo yote mawili, kutoka karibu na mto hadi mbali kaskazini.

Mwaka 1910 Weusi wa Detroit hawakufika 6,000. Kufikia 1930 walikuwa 120,000 hivi. Walitoka Georgia, Alabama, Mississippi na majimbo mengine ya kusini, wakifuata mishahara ya viwanda vya magari na kukimbia maisha ya kunyanyaswa mashambani. Bondia Joe Louis aliletwa na familia yake kutoka Alabama akiwa mtoto. Coleman Young, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo, naye alitoka Alabama na kukulia Black Bottom.

Walijazana hapo kwa sababu kwingine walifungiwa milango. Hati za nyumba katika mitaa mingi ya Detroit zilikuwa na kipengele kinachokataza nyumba kuuzwa au kukaliwa na mtu asiye mzungu. Orsel na Minnie McGhee waliponunua nyumba Seebaldt Street mwaka 1944, majirani waliwapeleka mahakamani, na mahakama za Michigan zikawapa majirani haki. Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1948 iliamua kwamba mahakama za majimbo haziwezi kutumika kulazimisha vipengele hivyo. Kabla ya hapo, ramani ya mikopo iliyochorwa kwa ajili ya serikali ya shirikisho mwaka 1939 ilikuwa imeipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, yaani eneo la hatari, na benki haikutoa mkopo hapo wa kununua nyumba wala wa kutengeneza paa.

Hilo la paa tulishike, maana ndilo chanzo cha hoja iliyotumika baadaye kubomoa. Nyumba nyingi za Black Bottom zilikuwa za mbao, za zamani, na nyingine hazikuwa na choo cha ndani. Familia mbili tatu zilibanana mahali pa familia moja, na kodi ilikuwa juu kwa sababu mpangaji hakuwa na pengine pa kwenda. Anayeandika kana kwamba mtaa huo ulikuwa peponi anawakosea waliougua kifua kikuu mle ndani. Lakini ubovu ule ulitengenezwa na sera. Mwenye nyumba alinyimwa mkopo wa ukarabati, halafu nyumba yake ikahesabiwa kuwa mbovu, halafu ubovu huo ukawa sababu ya kisheria ya kuichukua.

Ndani ya mbano huo watu walijenga uchumi wao wenyewe. Hastings palikuwa na madaktari, wanasheria, maduka ya dawa, vinyozi, hoteli, nyumba za mazishi, vilabu na makanisa. Fedha ya mfanyakazi wa kiwandani ilizunguka mikononi mwa watu wa mtaani kabla ya kutoka nje. Duke Ellington, Count Basie, Ella Fitzgerald na Billie Holiday walipiga na kuimba Paradise Valley. Mwanamuziki mzungu aliyemaliza kazi yake hoteli za katikati ya jiji alikuja huku usiku, kwa sababu hapa ndipo palikuwa na muziki wenyewe.

Duka namba 3530

Nataka kukaa kidogo na duka moja, kwa sababu ndani yake kisa kizima kinaonekana. Joe Von Battle, mtu wa kutoka Macon, Georgia, alifungua duka la sahani za santuri Hastings Street namba 3530 mwaka 1945. Nyuma ya duka aliweka vifaa vya kurekodia. Wapiga magitaa wa bluzi walioshuka kutoka kusini walirekodi humo, John Lee Hooker akiwa mmojawao. Von Battle ndiye aliyerekodi mahubiri ya mchungaji C. L. Franklin wa kanisa la New Bethel, lililokuwa kwenye barabara hiyo hiyo, na sauti ya kwanza ya binti wa mchungaji, Aretha, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu, ikiwa bado ya msichana mdogo, ilipita kwenye mashine zake.

Mwaka 1950 ilipotangazwa kwamba barabara kuu ingepita kwenye njia ya Hastings, duka halikubomolewa siku hiyo wala mwaka huo. Lilikaa miaka kumi likisubiri. Huo ulikuwa utaratibu wa kila mahali kwenye njia ile: tangazo lilitoka, ramani ikachorwa, na kuanzia hapo hakuna aliyekubali kununua jengo lililokwisha kuwekewa alama. Wenye nyumba wakaacha kutengeneza, maana nani anapaka rangi nyumba inayosubiri kubomolewa? Wateja wakapungua kwa kuwa majirani wameanza kuhama. Ukija kufanya tathmini miaka kumi baadaye, unakuta jengo limechakaa na biashara imedorora, na unalipa kwa thamani hiyo. Mmiliki alikula hasara mara mbili, na ile ya kwanza haikuandikwa popote kwenye hesabu za fidia.

Von Battle alihamia 12th Street, upande wa magharibi wa jiji, mwaka 1960. Nitarudi kwenye anwani hiyo mpya.

Jinsi ardhi ilivyochukuliwa

Watu wengi husema I-375 iliua Black Bottom. Kwa sehemu kubwa ya mtaa huo, barabara ilikuta maiti. Mwaka 1946 Meya Edward Jeffries alitangaza mpango wa jiji kununua kwa nguvu ya sheria eneo la kusini mwa Gratiot, kubomoa kila kitu na kuuza ardhi kwa wajenzi binafsi kwa bei nafuu. Sheria ya Makazi ya 1949 ikaleta fedha za shirikisho kugharamia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Albert Cobo alipoingia ofisi ya meya Januari 1950 alifuta miradi mingi ya nyumba za umma ambayo ingepokea wahamishwaji, ila ubomoaji akauendeleza. Msimamo wake ulikuwa kwamba usumbufu upo, lakini wanaofaidika ni wengi zaidi, na hiyo ndiyo gharama ya maendeleo.

Eneo la Gratiot lilikuwa la ekari 129 na familia karibu 2,000, takriban zote za Weusi. Mwanahistoria Thomas Sugrue, aliyechunguza kumbukumbu za jiji, ameonyesha walikokwenda: karibu theluthi moja waliingia nyumba za umma, na zaidi ya theluthi moja hawakuweza kufuatiliwa kabisa. Maofisa waliokuwa wakijua hali vizuri waliamini kwamba wengi walihamia umbali usiozidi maili moja, wakabanana kwenye mitaa iliyokuwa tayari imejaa.

Ardhi waliyoiacha ilikaa tupu kwa miaka. Majani yaliota mahali palipokuwa nyumba, kwa sababu wajenzi binafsi ambao mpango mzima uliwategemea hawakujitokeza. Kamati ya wananchi, iliyomhusisha kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari Walter Reuther, ilisaidia kuukwamua mradi katikati ya miaka ya 1950. Ndipo ikajengwa Lafayette Park, kazi ya msanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe na wenzake, maghorofa na nyumba za vioo chini ya miti iliyopandwa kwa ustadi. Ni usanifu mzuri, na mwaka 2015 uliandikishwa kuwa alama ya kitaifa ya kihistoria. Tofauti na maeneo mengi ya Detroit wakati ule, Weusi na wazungu waliishi humo pamoja. Waliokosekana ni wale wa Black Bottom, kwa kuwa kodi ya nyumba hizo mpya haikuwa ya kipimo chao.

Barabara yenyewe

Mpango wa barabara ya Hastings ulikuwepo tangu miaka ya 1940, ukiitwa Oakland-Hastings Freeway kabla ya kupewa jina la Chrysler. Kilichoufanya uwezekane ni Sheria ya Barabara Kuu ya 1956. Kwa sheria hiyo serikali ya shirikisho ilibeba asilimia 90 ya gharama ya barabara za kuunganisha majimbo, jimbo likabeba kumi. Kwa mhandisi wa jimbo hesabu ilikuwa nyepesi: kila dola moja yako inaleta tisa za wenzako. Na njia ya bei rahisi kuliko zote ilikuwa ile inayopita kwenye ardhi iliyothaminiwa kuwa haina thamani.

Ujenzi wa kipande cha chini ulianza 1959. Mtaro ulichimbwa kwenye njia ile ile ya Hastings, ili magari yasisimame kwenye makutano. Sehemu ya kusini ikapewa namba I-375, ya kaskazini ikawa I-75. Kwa hiyo duka namba 3530, kwa ukweli wa ramani, limo kwenye njia ya I-75, na ninalitaja kwenye uchambuzi huu kwa sababu barabara ya Chrysler ilikuwa mradi mmoja na Hastings ilikuwa barabara moja. Kuitenganisha kwa namba za leo kunapunguza ukubwa wa kilichotokea.

Kuhusu fidia, sheria ya wakati ule ilimtambua mmiliki. Mpangaji aliambiwa ahame. Sheria ya kitaifa iliyolazimisha miradi ya serikali ya shirikisho kuwasaidia wahamishwaji wote, wapangaji na wafanyabiashara wakiwemo, ilipitishwa 1970, barabara ikiwa na miaka sita tangu kufunguliwa. Na wengi wa wakazi walikuwa wapangaji, kwa sababu zile zile za hati zenye vikwazo na mikopo iliyonyimwa. Mtu alizuiwa kumiliki, kisha akakosa fidia kwa kuwa hakumiliki. Hapo ndipo uonevu wote umefungwa fundo, na mpango wowote wa leo unaowataja wamiliki wa zamani peke yao unalikaza fundo hilo upya.

Kanisa la New Bethel nalo lilibomolewa mwaka 1961. Waumini walihangaika hadi Machi 1963, walipoingia jengo lililokuwa ukumbi wa sinema, Linwood Street. Miezi mitatu baadaye, Juni 23, mchungaji wao C. L. Franklin aliongoza maandalizi ya maandamano makubwa ya uhuru Woodward Avenue. Watu zaidi ya laki moja walitembea na Martin Luther King hadi ukingoni mwa mto, na hapo King akasema mbele ya umati kwamba ana ndoto, wiki chache kabla ya kuyarudia maneno hayo Washington. Jengo alimohutubia liliitwa Cobo Hall, kwa jina la yule meya. Jina hilo lilidumu hadi 2019. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi: waumini waliobomolewa kanisa walisimama ndani ya jengo lenye jina la mtu aliyesimamia sera ya kuwabomolea, wakidai haki, na mwaka mmoja baadaye barabara ikafunguliwa.

Walikokwenda

Wengi waliotolewa upande wa mashariki waliishia 12th Street na mitaa jirani, mahali palipokuwa pa Wayahudi na palipobadilika haraka. Maghorofa yaligawanywa vyumba vidogo zaidi, kodi ikapanda, polisi wakawa wakali. Usiku wa kuamkia Julai 23, 1967, polisi walivamia klabu isiyo na leseni kwenye barabara hiyo. Siku tano za ghasia zikafuata na watu 43 wakafa.

Duka la Joe Von Battle lilikuwa hapo. Liliharibiwa, na kanda zake mama za miaka mingi ya Hastings ziliteketea au kulowa maji ya wazima moto. Alifariki 1973. Binti yake, mwandishi anayejulikana Detroit kwa jina la Marsha Music, ndiye aliyeitunza habari hii na kuieleza kwa watu.

Sisemi barabara ndiyo iliyosababisha 1967. Ajira zilikuwa zikihama, polisi walikuwa na historia yao, na shule zilikuwa zimeachwa. Ila ukifuatilia mtu mmoja na duka moja, anwani zinajieleza.

Kwa nini sasa inataka kuondolewa

Kilichoifanya I-375 ijadiliwe kilikuwa umri wa madaraja. Yale yanayovuka mtaro, kama la Lafayette na la Larned, yalijengwa wakati mmoja na barabara, na yote yalikaribia mwisho wa maisha yake kwa pamoja. Jimbo lilipaswa kuchagua: kutumia fedha nyingi kuyajenga upya, au kujiuliza kama mtaro wenyewe unahitajika. Kuna na ile kona ya kusini kuingia Jefferson, inayosifika kwa ajali. Kuna na makutano ya I-75, ambapo dereva anayetaka kubaki kwenye I-75 analazimika kutoka kwa njia ya pembeni kana kwamba anaiacha.

Na magari yalipungua. Detroit ya 1950 ilikuwa na watu 1,850,000. Sensa ya 2020 ilihesabu kama 639,000. Barabara zilizojengwa ili kuwaleta watu mjini ziliwasaidia kuhama mji.

Utafiti ulioanza 2013 ulipitia njia mbadala kadhaa na hatimaye ukachagua barabara ya usawa wa mitaa. Machi 2022 serikali ya shirikisho ilikamilisha tathmini ya mazingira na kuruhusu mradi uendelee. Septemba mwaka huo ikatoa ruzuku ya dola milioni 104.6. Makadirio ya wakati ule yalikuwa dola milioni 300 hivi, ila yaliendelea kupanda hadi kupita milioni 500, na hiyo ni moja ya sababu zilizotolewa mradi uliposimamishwa 2025.

Sababu nyingine ilikuwa malalamiko ya wananchi, na yalikuwa ya haki. Muundo uliopendekezwa ulikuwa wa njia sita, zikiongezeka karibu na baadhi ya makutano hadi tisa kwa ajili ya magari yanayokata kona. Mama mwenye mtoto mkononi anayevuka njia tisa kwenda upande wa pili ana shida isiyopungua sana ile ya mtaro. Angalau juu ya mtaro kulikuwa na daraja. Wafanyabiashara wa Eastern Market, soko kubwa la vyakula lililo jirani, walihofia malori yao yangepita wapi. Wakazi wa Lafayette Park walihofia vumbi, kelele na magari ya kukatiza mitaani mwao. Makundi ya wananchi yaliungana kudai muundo mwembamba zaidi, wakitaja miji iliyothubutu. Rochester, New York, kwa mfano, ilifukia sehemu ya mashariki ya barabara yake ya mzunguko kati ya 2014 na 2017, ikaweka barabara ndogo ya mjini, na nyumba zikajengwa mahali palipokuwa mtaro.

Ardhi, mwishowe

Kwa makadirio ya mpango, kufukia mtaro kungetoa ekari 30 hivi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka viwanja vya michezo, Greektown na mto. Thamani yake imepanda kwa jinsi katikati ya jiji ilivyofufuka. Inamilikiwa na jimbo kwa sababu ilinunuliwa kwa fedha za barabara, na kanuni za shirikisho husema ardhi ya aina hiyo ikiachwa iuzwe kwa bei ya soko, isipokuwa pale inapothibitishwa kwamba manufaa ya umma yanahitaji vinginevyo.

Hapo ndipo kisa kinapojirudia. Ardhi ilichukuliwa kwa bei ya mtaa uliowekewa rangi nyekundu, na itauzwa kwa bei ya jiji lililoamka. Asiyefanywa mshirika kwenye mauzo hayo mapema hatakuwa na chochote cha kudai baada ya mkandarasi kuondoa mashine zake. Kwa hiyo nasema kusimamishwa kwa mradi, hata kama kumewachosha waliongoja zaidi ya miaka kumi, kumetoa nafasi ambayo haikuwepo. Michoro ikirudi mezani, umiliki wa ardhi uamuliwe kabla ya idadi ya njia. Ile kanuni ya manufaa ya umma itumike, ardhi iwekwe chini ya amana ya jamii, yaani chombo kinachoishika ardhi kwa niaba ya wananchi, au chombo kingine chenye nguvu za kisheria kama hizo, na nafasi za makazi na biashara zitengwe kwa vizazi vya waliotolewa.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara dhidi ya hili: kwamba zimepita zaidi ya miaka 60, watu wametawanyika, wapangaji hawakuandikwa popote, na hivyo haijulikani nani alipwe. Hoja hii haisimami, na wanaoitoa wangepaswa kuangalia makabati ya jiji lao. Kabla ya kubomoa Black Bottom, wapiga picha wa jiji walitumwa mwaka 1949 na 1950 kupiga picha ya nyumba baada ya nyumba kwa ajili ya kesi za kuchukua ardhi. Picha hizo zimetunzwa kwenye maktaba ya umma ya Detroit, na mbunifu Emily Kutil amezipanga kwa mfululizo wa mitaa, ili mtu aweze kutembea barabara kwa macho, ngazi moja ya mbele baada ya nyingine, pazia, duka la kona, mtoto aliyesimama kuangalia kamera. Wananchi walioanzisha Black Bottom Archives nao wamekusanya masimulizi ya waliokaa humo. Wamiliki wamo kwenye mafaili ya kesi.

Na wapangaji wamo kwenye sensa. Sheria ya Marekani huweka siri karatasi za sensa kwa miaka 72, kwa hiyo zile za Aprili 1950 zilifunguliwa kwa umma Aprili 1, 2022, mwezi mmoja baada ya mradi wa I-375 kupata kibali. Ziko mtandaoni bila malipo. Karani alipita Hastings mlango kwa mlango miaka tisa kabla ya ujenzi kuanza, akaandika anwani, jina la mkuu wa kaya, waliokuwa wakiishi naye, umri, mahali alipozaliwa kila mmoja na kazi aliyokuwa akifanya. Wapangaji ambao sheria ya fidia haikuwaona waliandikwa na serikali hiyo hiyo, kwa majina.

Wengi wa waliokuwa watoto katika karatasi hizo sasa wana miaka zaidi ya 75. Idara ya jimbo na jiji la Detroit wanaweza kuanza kazi ya kuoanisha orodha ya 1950 na mafaili ya umiliki wiki hii, bila kusubiri mchoro mpya na bila kungoja dola moja ya ruzuku.